Tawakali na Mkoba wa Kliniki

Mzee mmoja aliniuliza barazani, baada ya sala ya Isha, swali ambalo wengi hulifikiri na wachache hulitamka: "Mwalimu, kama Mola ndiye aliyemuumba hivyo, nyinyi mnampeleka mjini akasahihishwe?" Alikuwa anamsema mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye mtindio wa ubongo. Mzee hakuwa na nia mbaya. Ni mtu wa ibada, na mara nyingi ametuona alfajiri tukishuka njia ya mlimani, dada na mtoto mgongoni, mimi na mkoba begani. Swali lake ni la dini, na linastahili jibu la dini. Nitalijibu kwa kupitia ndani ya mkoba huo.

Kwetu ni Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Bigwa kwenda Kisaki. Ni nchi ya migomba, mananasi, mdalasini na pilipili manga. Sisi Waluguru ukoo wetu hufuata kwa mama, hivyo mtoto wa dada yangu ni wa ukoo wangu kuliko walivyo watoto niliowazaa mwenyewe. Likija suala la shamba au la posa, mjomba ndiye hutazamwa. Mimi nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na kwa hesabu yangu ya kialimu, mtu mwenye neno juu ya mtoto awe wa kwanza kubeba mzigo wake. Ndiyo maana mkoba wa kliniki unalala chumbani kwangu.

Kabla ya mzee wangu kuuliza habari ya kusahihisha, ukoo ulikuwa umekwisha kuuliza swali jingine: nani alikosea? Mtoto alipochelewa kukaza shingo, wakubwa walikaa. Wengine walisema kuna tambiko halikutimizwa. Wengine wakasema ni jini. Kuna aliyemtazama dada yangu kwa jicho la kumhukumu, kana kwamba tumbo lake lilikuwa na siri. Aliyekata mjadala ni bibi mzaa baba wa mtoto, Mkatoliki wa Matombo. Alisema kwamba katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake, na Yesu akayakataa majibu yote mawili. Kikao kilinyamaza. Sisi Waislamu tuliokuwamo hatukuwa na la kuongeza.

Wenye elimu nao hawakuwa na jibu la mkato. Tunachojua ni kwamba uchungu ulikuwa mrefu, na mtoto alichelewa kulia. Mwaka 1861 daktari Mwingereza William John Little aliwaeleza wenzake mjini London kwamba kuzaliwa kwa shida, kabla ya wakati au kwa kukosa hewa, kunaweza kuwa chanzo cha viungo vya mtoto kukakamaa. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, aliandika kwamba huenda kuzaliwa kwa shida nako ni dalili tu ya tatizo lililoanza tumboni. Leo tunajua vyanzo ni vingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa njiti, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Hata hivyo, mara nyingi daktari hawezi kumwambia mzazi fulani kwa hakika ni kipi kilichompata mtoto wake. Basi ukoo unaodai jina la mkosaji unadai kitu ambacho hospitali haina na Injili imekikataa.

Sasa nije kwenye kusahihisha. Mzee wangu aliona tunashindana na uumbaji. Nami naona mtaalamu wa mazoezi tiba, katika mwaka wa kwanza tu wa kumfahamu, alitupa jambo ambalo wanazuoni wangelipenda. Alisema jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki. Lilivyokuwa ndivyo lilivyo. Kinachobadilika ni mwili unaokua juu ya jeraha hilo: misuli hukaza, kano hufupika, nyonga huweza kuhama polepole kutoka mahali pake, goti hukataa kunyooka. Mtoto anayelazwa upande mmoja mwaka mzima hupinda kufuata upande huo.

Tafakari hapo. Goti lililokauka kwa kulazwa vibaya halikuumbwa hivyo. Limefanywa hivyo na mikono yetu, au na kukosekana kwa mikono yetu. Anayesema "mwacheni kama alivyoumbwa" anadhani kumwacha ni kutotenda lolote. Lakini mtoto huyu akiachwa habaki kama alivyoumbwa. Anakuwa kama alivyoachwa. Dada yangu anapomgeuza, anapomnyoosha mguu jioni kwenye mkeka, haongezi wala hapunguzi katika kazi ya Mola. Analinda alichopewa kisiharibiwe na uzembe. Katika dini yetu anayepewa amana na asiilinde hasemi "nilimwachia Mungu". Anaulizwa.

Wako wanaoona kwamba maandalizi yote haya ni upungufu wa tawakali. Hao nawaelekeza kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika utungo wake mkubwa, Ihya, kwenye kitabu cha tauhidi na tawakali, anazigawa njia za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Kuna zile za hakika, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha hizo si tawakali. Kuna zile za dhana yenye nguvu, na humo anaziweka dawa za matabibu: mwenye kuzitumia hajavunja tawakali yake. Na kuna zile za kudhaniwa tu, ambamo anaweka kuchoma mwili kwa moto na azima. Hizo ndizo anazosema mwenye tawakali aziache.

Mgawanyo huu ni wa zaidi ya miaka 900, na sijaona chombo bora kuliko huo cha kupanga mkoba wa kliniki. Kumlisha mtoto akiwa amekaa wima, kidevu kikielekea chini kidogo, ili uji usiingie njia ya hewa: hilo ni la fungu la kwanza, karibu na maji na mkate. Kumpa dawa yake ya kifafa kwa saa ile ile, hata siku ya safari, ni la fungu la pili, tena la juu humo. Mazoezi ya kuamka, kukaa na kushika ni ya fungu la pili pia. Yanasaidia, ila hayaahidi. Mafuta ya mnyama gani sijui ambayo mchuuzi mmoja alimwapia dada kwamba yatamwinua mtoto kabla ya Idi, hayo ni fungu la tatu, na bei yake ingetosha nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kliniki, wakati dada anapanga nami naandika, tunachofanya hasa ni kuchambua: lipi la hakika, lipi la kutarajiwa, lipi la kuachwa nyumbani.

Humo mkobani mna nini? Kwanza daftari, kwa sababu kliniki zetu mgonjwa hutembea na daftari lake. Dada hasomi vizuri, lakini anaona kuliko mimi. Yeye anasema, mimi naandika: usingizi, choo, degedege likitokea lilianzaje na lilikwishaje, upande gani umekaza zaidi, kitu gani kipya. Saa ya mkononi hana, ana sura ya Alhamdu. Anamkalisha mtoto, anamshika kiunoni, anaachia na kuanza kuisoma. Kuna wakati mtoto alianguka kabla hajavuka aya za mwanzo. Siku hizi anakaa mpaka "amin". Nimeandika hivyo hivyo daftarini, "anakaa Alhamdu nzima", na mtaalamu, ambaye ni Mkristo, alicheka, akatazama saa yake huku dada akisoma, akaandika sekunde pembeni. Tangu hapo ni kipimo kinachotambulika.

Kuna kaptura ya zamani. Bibi yetu hutaka mtoto aende mjini na nguo za Idi, shati la vifungo na jinzi mpya, watu wasije wakasema ukoo huu unamtupa. Namwelewa, lakini jinzi inabana nyonga, na mtaalamu anataka kuona goti. Tumefika mapatano: shati ni la bibi, kaptura ni ya mtaalamu. Kuna uji wa ulezi kwenye chupa, wa kunywewa mapema, maana mtoto mwenye njaa hulia na mwenye shibe ya ghafla hutapika, na wote wawili hawafanyi zoezi. Kuna kijiko chake mwenyewe na kikombe chake, ili mtaalamu aone anavyokula hasa, asitegemee maneno yetu. Kuna khanga mbili, moja ya kubebea, nyingine ya kutandika, kwa sababu gari la Mkuyuni hadi mjini humkakamaza, na tukifika huwa tunamlaza kwanza chini, tunamkunja magoti taratibu mpaka mwili ukubali. Na kuna kifuniko cha bati cha chupa ya chai iliyokwisha vunjika. Kifuniko hicho ndicho kitu anachokipenda kuliko vyote duniani. Kwa mpira wa kliniki hanyooshi mkono. Kwa kifuniko hunyoosha.

Hapo ndipo mkoba ulipoanza kunifundisha. Dua zetu, za msikitini kwetu na za kanisani kwa bibi wa Matombo, zilikuwa moja: atembee. Ni dua nzuri na bado naiomba. Lakini huwezi kuandaa mkoba kwa ajili ya "atembee". Mkoba unauliza mambo madogo: huyu anapenda nini, anachoka saa ngapi, anakataaje, anakubalije? Ukitaka kuyajibu unalazimika kumjua mtoto huyu hasa, anayekodoa macho kulia akitaka na kufumba akikataa, badala ya yule mwingine anayetembea, ambaye tulikuwa tunamwomba aje achukue nafasi yake. Naamini hili ndilo jambo la kiibada lililomo katika kujiandaa. Dua peke yake inaweza kumpita mtoto ikaenda kwa Mungu bila kumtazama. Maandalizi hayawezi.

Ndivyo ilivyo hata katika ibada. Mtu haingii kwenye sala kwa kutaka wema kwa jumla. Hutia nia ya sala gani, na funga gani. Mtaalamu alipotuuliza, "Yeye mwenyewe anataka nini?", tulitazamana. Dada ndiye aliyejibu. Alisema wakati watoto wenzake wanapokaa kwenye mkeka kuzunguka sinia, macho yake hayabanduki hapo. Basi nia ikawa hiyo: akae mkekani, ale na wenzake. Fundi seremala wa kijijini alimtengenezea kiti kisicho na miguu, chenye mgongo wa pembe na ubao wa kuzuia mapaja, ili awe chini sawa na wenziwe. Kila zoezi la mwaka ule lilielekezwa kwenye sinia: shingo kwa ajili ya sinia, kiwiko kwa ajili ya sinia, vidole kwa ajili ya sinia. Nasikia wataalamu wa sehemu nyingi duniani siku hizi wanapendelea njia hiyo, mtoto ajizoeze jambo halisi analolitaka yeye, kuliko kunyooshwanyooshwa tu kitandani. Sasa anakula na wenzake. Humwaga nusu, na kuku wamemzoea.

Jambo la mwisho la maandalizi halimo mkobani. Ni kumwambia. Jirani mmoja alishangaa kumsikia dada akimwambia mtoto jioni, "Baba, kesho tunakwenda kwa mama wa mazoezi. Tutapanda gari. Utanyooshwa, itauma kidogo, kisha tutarudi." Jirani akauliza, "Anaelewa?" Dada akasema, "Sijui. Lakini anayepelekwa ni yeye."

Jibu hilo lilinipeleka kwenye Sura ya 80, Abasa. Tunaifundisha madrasani kwa haraka, kwa sababu ni fupi. Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akaja kipofu, Abdallah ibn Umm Maktum, kutaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, akageuka. Wahyi ukashuka kumlaumu. Sasa angalia: Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu. Uso uliokunjwa hakuuona. Tungekuwa sisi tungesema hakuna kilichoharibika, maana aliyefanyiwa hakujua. Lakini lawama ilishuka, na tunaisoma hadi leo. Maana yake, heshima ya mtu mbele ya Mola haipimwi kwa uwezo wake wa kugundua kwamba amevunjiwa heshima. Ukimbeba mtoto asiyesema, bila kumwambia unampeleka wapi, ukamvua nguo mbele ya watu, ukamsema mbele yake kana kwamba ni gunia la mkaa, huna udhuru wa kusema haelewi. Na Ibn Umm Maktum huyo huyo baadaye alikuwa mwadhini Madina, na Mtume alipokwenda safarini aliwahi kumwachia mji. Aliyedhaniwa anakatiza mambo makubwa alikuwa mmoja wa wenye mambo hayo.

Kuna sehemu ya swali la mzee wangu ambayo nataka kuigeuza. Yeye aliona sisi tunakataa majaliwa ya Mungu. Mimi naogopa zaidi wanaomtwisha Mungu majaliwa yasiyo yake. Mama wa vilima vya juu kuliko kwetu akikosa kliniki kwa sababu masika imekata njia ya bodaboda, tunasema "haikujaliwa". Akikosa nauli, tunasema "Mungu hakupenda". Mtoto akivuka miaka 5, umri ambao sera ya matibabu bila malipo inakomea, na familia ikashindwa kuendelea, tunasema "ndiyo kadari yake". Hapana. Njia mbovu ni bajeti. Nauli ni mfuko wa ukoo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Hayo yameandikwa na binadamu, na yakiachwa bila kutekelezwa, wanaoyaacha ni binadamu. Wazee wetu walipokuwa wakienda pangoni kwa mzimu wa Kolelo kuomba mvua, walikwenda kuomba kitu ambacho mikono yao haikuweza kukifanya. Hawakwenda kuomba kupaliliwa shamba.

Je, mpwa wangu atatembea? Mtaalamu hakutupa ahadi, nami namshukuru kwa hilo. Huenda asitembee. Jibu langu kwa mzee, nililompa barazani nikiwa nimetulia, lilikuwa hili: majaliwa hujulikana yakishapita, wajibu hujulikana leo. Sijui Mola amemkadiria nini mtoto huyu akiwa na miaka 20. Najua kwamba kesho asubuhi anahitaji uji, dawa, kaptura na mtu wa kumwambia anakokwenda. Nikiyatimiza hayo nitakuwa na haki ya kusema nimetawakali. Nikiyaacha, neno hilo litakuwa jina jingine la uvivu wangu. Mzee alinyamaza, kisha akauliza gari la asubuhi linapita saa ngapi.

Kwa wenzangu wajomba nasema hivi. Mila yetu imetupa sauti juu ya watoto wa dada zetu, na sauti hiyo tumeitumia sana kwenye mahari na mashamba. Mkiona mtoto wa dada yenu ana siku ya kliniki, msimalizie kwa "Mungu atajalia". Pokeeni mkoba, lipeni nauli, andikeni daftari kama mama hawezi kuandika. Na maimamu na mapadri wetu, mnapowaombea watoto hawa Ijumaa na Jumapili, waulizeni pia mama zao kliniki ni lini na nani atawasindikiza. Mkiwaombea bila kuuliza hilo, mmefanya nusu ya kazi.